Nani Kashika Mpini

Hinigaran, Negros
6 Juni 1988

Mjomba wangu Natoy,

Kabla ya neno lolote naugusisha mkono wako kwenye kipaji cha uso wangu kwa heshima, ingawa safari hii ni kwa karatasi tu. Hapa nyumbani tu wazima, kiasi cha mtu kuweza kusema wazima. Mama presha yake ilipanda wiki ya sikukuu ya kanisa. Daktari akamkataza samaki wa chumvi, naye akamkataza daktari kuja tena. Nguruwe jike amezaa tisa. Miwa imekwisha kukatwa, kiwanda kimezima moto, na ile miezi ya watu kukaa vibarazani wakingoja kazi imeanza. Kila nikipita naulizwa, "Islaw, mbona uko huku? Timu haina mazoezi?"

Timu ina mazoezi. Yalianza jana, nawe unajua sikuwapo. Sikukosa meli, Mjomba. Sirudi kuchezea Kampana. Naomba mnibadilishe, mnipeleke timu nyingine ya kikapu, nanyi mchukue mchezaji au wachezaji mtakaowaona wanafaa.

Neno hili nimekaa nalo tangu Aprili. Nakuandikia wewe kama meneja, ndiyo maana barua imekuja ofisini. Nakuandikia pia kama mjomba, ndiyo maana nimeanza na nguruwe. Mkataba wangu una msimu huu na ujao, hilo nalijua. Tafadhali usipige simu manispaa. Anayeipokea ni Flor, na kitakachosemwa saa tatu kitafika sokoni saa tatu na nusu. Niandikie.

Mpwa wako,
Wenceslao


Manila
17 Juni 1988

Mpwa wangu Islaw,

Barua yako imefika ikiwa imelowa pembe moja, lakini maneno yalikuwa makavu kabisa. Belen anakusalimu. Mtaa wetu umejaa maji mpaka magotini, na jirani Abundio anavusha watu kwenye beseni la kufulia. Gauti imenirudia kidole gumba cha mguu. Mwambie dada yangu Chelo aache kubishana na daktari. Ukoo wetu una wabishi wa kutosha, na mmoja kanipa kazi juzi.

Waandishi wa habari nimewaambia una homa ya tumbo. Maana yake unaharisha kwa siku ya kumi na mbili sasa, kwa hiyo uniambie upone lini.

Sasa nikuoneshe uliposimama. Ligi hairuhusu timu nyingine hata kukusalimu bila ruhusa yangu. Kila mazoezi unayokosa yanakatwa kwenye mshahara. Una miaka ishirini na saba, na magoti hayangoji mahakama. Mtu anayetaka kuondoka lazima awe na jibu la swali moja: nikikukatalia, utafanya nini? Kama huna jibu, mpini nimeushika mimi, wewe umeshika makali, na nikivuta, atakayekatika ni wewe.

Hayo kayasema meneja. Mjomba naye ana lake. Huniambii kwa nini. Nimekulea tangu una miaka kumi na minne, ulipofika kwangu na viatu vya mtu mwingine miguuni, na sijawahi kukuona ukikimbia kitu. Ni hela? Ungesema. Ni kocha? Unampenda. Belen anasema ni mwanamke. Mimi nasema hapana, maana mwanamke huwa anamrudisha mtu Manila, hamtoi. Natamani kujua kuliko ninavyotamani gauti ipone.

Mjomba wako,
Natoy


Hinigaran
4 Julai 1988

Mjomba wangu,

Mama anasema gauti ni mishikaki unayokula nje ya uwanja wa mechi, na kwamba daktari wake na wako wote ni waongo. Nguruwe mmoja amekufa, wanane wananenepa.

Swali lako nimelibeba wiki mbili, ndiyo maana nimechelewa. Nilikuwa nalo hata Binalbagan, kwenye mashindano ya sikukuu yao, nilipochezea timu ya mafundi wa kiwanda cha sukari. Uwanja wa saruji, vikapu havina nyavu, taa zinawaka zikitaka. Watu walitoka miji mitatu. Bibi mmoja alinishika mkono akauliza, "Wewe ndiye yule wa kwenye sabuni ya Kampana?" Nikasema ndiye. Akasema, "Mbona kwenye sabuni unatabasamu?" Tulishinda, nikapewa mbuzi dume. Anakula kila kinachoning'inia, hata mapazia, kwa hiyo Mama amempa jina la mwenye timu yenu, Don Anselmo.

Basi jibu ni hili. Mkinikatalia nitakaa. Nina nyumba, wali upo, mpira upo na mbuzi yupo. Mimi nimezoea kuwa maskini, kwa hiyo wa kuniogofya kwa umaskini atapata kazi ya bure. Nasoma pia magazeti yanayofika hapa yakiwa ya juzi. Mmepoteza mechi nne kati ya tano. Wewe umeniuliza nitafanya nini mkinikatalia, na mimi nauliza: nyinyi mtafanya nini mkishanikatalia?

Na nikibadilishwa, niende Almirante. Kwingine sitaki.

Hilo la kwa nini, Mjomba, niachie.

Mpwa wako,
Islaw


Manila
12 Julai 1988

Islaw,

Sisi tu wazima. Maji yamepungua na Abundio amerudisha beseni kwa mkewe. Belen amecheka habari ya mbuzi mpaka akakaa chini. Nakuomba jina hilo lisivuke bahari.

Sasa sikiliza. Swali la kwanza ulilijibu vizuri mno, hata nilijisikia fahari kinyume cha masilahi yangu. Mwenye kuweza kukaa ana nguvu. Kisha ukaharibu kwa sentensi moja! Ulipotaja Almirante peke yao umeenda sokoni ukasema mbele ya wauzaji wote, "Mimi lazima ninunue kwa yule." Timu nyingine wakisikia hawataleta mtu wa maana, watasema ya nini, atakuja anune kisha agome. Na Almirante wakijua unawataka wao tu, wataleta maganda. Nami sijui walijuaje, lakini wamejua. Bwana Limjuco, meneja wao, kanipigia simu jana. Ananipa mzee mmoja wa miaka thelathini na nne na nafasi yao ya kumchagua mwakani kijana ambaye bado yuko chuo. Nilimuuliza kama huko kwenye kiwanda chao cha sardini kichwa cha samaki nacho wanakihesabu nyama. Umenifunga mkono mmoja, mpwa wangu, na mkono huo ndio ningeutumia kukutoa.

Nimesema kukutoa. Nimeliona neno hilo baada ya kuliandika, na sitalifuta.

Belen anauliza kama ni habari ya Pekto Lagrimas. Nilimwambia hapana, wachezaji hubadilishwa kila msimu, Pekto si wa kwanza kwenda Almirante wala si wa mwisho, na wewe si mtoto. Nilimjibu sawa?

Natoy


Manila
20 Agosti 1988

Mpwa wangu,

Wiki tano na siku nne. Belen aliweka alama kwenye kalenda, mimi nilijifanya sizioni. Dada yangu mzima? Ingekuwa si mzima, Flor wa manispaa angepiga simu kwa mji mzima, kwa hiyo nikajipa moyo. Gauti imepoa. Mpera uliopandwa na marehemu baba yake Belen umeanguka kwa upepo, ukaegemea ukuta wa jirani, na sasa tunagombea matunda.

Kunyamaza nako ni silaha. Anayesubiri huanza kujibizana na nafsi yake, halafu anajipunguzia bei mwenyewe. Najua ni nani aliyekufundisha. Nilikufundisha mimi, mwaka ule tulipokuwa tunanunua kiwanja cha mama yako, na leo nakaa dirishani namngoja mtu wa posta kama mchumba.

Don Anselmo ameniita. Alikuwa na orodha ya mapato ya mechi mbele yake, na viti vitupu vimemuuma. Akasema, "Natoy, mwache aozee huko na miwa yake. Msimu huu na ujao. Wengine wajifunze." Nilimwambia mchezaji akioza na mali ya timu imeoza. Akasema, "Kuna mali ambayo naona raha kuiozesha." Tukazungumza mengine ambayo hayahusu barua.

Kuanzia leo tuma barua nyumbani Sampaloc, si ofisini. Naandikia meza ya jikoni, kuna mwanga mzuri zaidi.

Mjomba wako


Hinigaran
2 Septemba 1988

Mjomba wangu Natoy,

Naweka tena mkono wako kipajini, na safari hii naubakiza hapo muda kidogo. Mama mzima. Tumeuza nguruwe watano. Mvua imeharibu paa la jikoni, nimelipanda na kulifunga mwenyewe, na majirani walikuja kutazama kama vile ni mechi.

Mama aliposoma bahasha alisema, "Natoy hajawahi kupenda mwanga wa jikoni maishani mwake." Umepatwa na nini? Huniambii, kama mimi nisivyokuambia. Sasa mmoja wetu lazima aanze, na kwa kuwa mimi ndiye mdogo, naanza.

Belen alijibiwa vibaya. Ni Pekto.

Siku ile ya Aprili alipobadilishwa, mkewe alikuwa hospitali anajifungua. Pekto alisikia kwa redio ya muuza sigara mlangoni kwamba yeye ni wa Almirante. Alikuja chumba cha kubadilishia nguo kuchukua viatu vyake, akakuta kabati lake limeshabandikwa jina la mtu mwingine. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale, nafunga bandeji. Nikasema, "Pekto, sikujua." Akasema, "Najua hukujua. Walikutaka wewe. Mjomba wako akanitoa mimi. Damu ni damu, Islaw, hata mimi ningefanya hivyo." Hakuwa na hasira. Angekuwa na hasira ingekuwa nafuu.

Tangu siku ile, nikiingia chumbani watu wananyamaza. Wanamsema kocha, wanamsema Don, wanataniana, kisha mimi naingia na mazungumzo yanakatika kama umeme. Wananiona sikio lako. Nikikosa mtupo hakuna anayenitukana. Unajua ilivyo mbaya, Mjomba, kucheza na watu wanaokuogopa kukutukana?

Sikuweza kukuambia, maana wewe ndiye uliyenivua vile viatu vya mtu mwingine ukaninunulia vyangu. Nilidhani nikikaa kimya utanichukia kama meneja tu, kisha utanisamehe kama mjomba.

Alichosema Pekto ni kweli?

Islaw


Manila
14 Septemba 1988

Mpwa wangu Islaw,

Salamu za nyumba nzima. Belen amekusomea rozari, kisha akanipa mimi kisogo siku mbili.

Ni kweli Limjuco alikutaka wewe. Ni kweli nilikataa, nikampa Pekto. Nimekaa na kalamu tangu asubuhi nikitafuta namna ya kukuambia kwa nini. Kwenye karatasi naweza kujitetea, maana wewe una pointi ishirini na mbili kwa mechi na yeye kumi na nne. Lakini siku ile sikutazama karatasi. Nilimfikiria mama yako. Je, ningefanya hivyo hivyo kama ungekuwa mtoto wa mtu mwingine? Sijui, Islaw. Nimekuwa kwenye kazi hii miaka kumi na tisa, najua bei ya kila mtu ligini, na swali hilo moja silijui jibu lake. Habari ya mkewe kujifungua sikuijua. Ningeuliza ningejua.

Kwa hiyo una haki ya kuondoka. Na sasa kwa kuwa nimekubali, nisikilize kwa makini, maana nazungumza huku miguu yangu iko pande mbili. Mshahara wa Kampana naula hadi mwisho wa mwezi huu. Ninachoweza kukuambia ni kile kilicho wazi kwa kila mtu. Majina ya wachezaji wa duru ya tatu yanafungwa tarehe 10 Oktoba. Baada ya hapo hakuna timu itakayokuhitaji mpaka mwakani, na nguvu yako yote itakuwa maji moto yasiyochoma nyumba. Taja timu tatu, si moja. Na mpe Don kitu cha kushika mkononi, maana mzee akitoka kwenye meza mikono mitupu ataipindua meza.

Kuna jambo jingine ninalolijua. Hilo usiniulize. Nikikujibu nitakuwa mwizi ndani ya nyumba inayonilisha, na sikukulea ili uwe na mjomba mwizi.

Natoy


Hinigaran
25 Septemba 1988

Mjomba wangu,

Barua hii anakuja nayo Padri Melecio kwa ndege, maana posta itatuchelewesha. Mama mzima, kiwanda kimeanza kutoa moshi, na mji umechangamka.

Nakushukuru kwa lile "sijui". Nililisoma mara nyingi kuliko mengine yote.

Lile jambo usiloweza kusema sikukuuliza. Aliyeuliza ni Mama, na hakukuuliza wewe. Alikuwa anafua. Akainua kipande cha sabuni ya Kampana, akaitazama karatasi yenye sura yangu, akasema, "Hivi hii wameruhusiwa mpaka lini?" Nikasema sijui, imo kwenye mkataba. Akasema, "Una hakika imo?" Akaenda kuleta kopo la biskuti lenye hati zake. Mjomba, haimo! Ni karatasi ya peke yake. Tuliisaini mwaka 1986, ya miaka miwili, na imekwisha tarehe 31 Julai. Nilikwenda Bacolod kwa muuzaji wao wa jumla, nikamuuliza tu, kama mtu anayepita. Akaniambia karatasi za Krismasi zinachapwa Oktoba, na hapa visiwani kwetu Visayas akina mama hawasemi nipe Kampana, wanasema nipe Islaw.

Nimeshangaa siku tatu nzima. Miezi mitatu nilikuwa nahesabu pointi na mapato ya milangoni, kumbe mpini ulikuwa umelala kwenye kisahani cha sabuni.

Nikamwandikia Don Anselmo mwenyewe, kwa heshima zote. Nikasema sura yangu naiacha kwenye sabuni Krismasi hii hadi Pasaka, mpaka wapate sura nyingine, kwa masharti ya zamani. Nami nibadilishwe kabla ya tarehe 10, niende Almirante au timu nyingine mbili nilizozitaja, yoyote itakayowapa mtu mzuri. Nisipobadilishwa, Krismasi wachape kengele iliyowapa jina.

Juzi akaja mkwewe, Bwana Paeng, kwa gari la kukodi, viatu vyeupe kwenye matope yetu. Mama akamwekea chaza. Akaanza kusema, Mama akamkatiza, "Kula kwanza. Maneno hayaozi, chaza wanaoza." Akala. Kisha akasema, "Islaw, Don si mtu mbaya. Rudi tu, yaishe. Makato yote tunayafuta. Na mjomba wako atabaki kwenye kiti chake."

"Kwani alikuwa anaondoka?"

"Hiyo inategemea wewe."

Mama akaweka kisu chini. "Natoy ni mdogo wangu. Mmemtundika ndoanoni kama nyama?"

"Mama, hii ni biashara tu."

"Ndiyo maana nauliza bei."

Akacheka peke yake. Ameniachia mpaka tarehe mosi. Mjomba, hapa nimekwama. Magoti yangu naweza kuyahatarisha, na hela yangu pia. Kiti chako siwezi. Ukisema nirudi, nitapanda meli kesho na sitalizungumza tena jambo hili maisha yangu yote. Niambie ukweli na uniambie upesi.

Islaw


Manila
27 Septemba 1988

Islaw,

Padri Melecio anangoja barazani, anakunywa chokoleti ya Belen, kwa hiyo salamu leo ni fupi: wote wazima.

Kiti hicho hakipo. Niliacha kazi tarehe 19 Agosti. Don aliponiambia nikuozeshe, nilimwambia atafute mtu mwingine wa kuozesha watu, nikaandika barua pale pale mbele yake kwa kalamu yake. Akaniomba nikae hadi mwisho wa Septemba ili nimwelekeze mkwewe. Mkwewe huyo huyo! Anakuuzia nguruwe aliyekwisha kukimbia bandani, na amekula chaza za dada yangu juu yake.

Sikukuambia kwa sababu nilikujua. Ungerudi kwa huruma, na mtu aliyerudi kwa huruma hachezi, analipa. Nilisema heri anione mbishi kuliko anione mzigo.

Usimpe Paeng jibu mpaka tarehe mosi yenyewe, jioni. Usimwambie kwamba unajua. Mwambie tu, "Mjomba wangu ni mtu mzima," basi. Atatambua kwamba kamba aliyoshika haijafungwa kitu. Sabuni hiyo nilikuwa naogea kila asubuhi miezi miwili, sura yako inanitazama, nami nikijisemea huyu kijana atauliza lini. Kumbe wa kuuliza alikuwa Chelo. Ningalijua, ningalimpa yeye kazi yangu tangu zamani.

Tarehe 5 mimi na Belen tunapanda meli kuja kukaa na mama yako kidogo. Nadhani tutapishana baharini.

Mjomba wako


Manila
11 Oktoba 1988

Mjomba wangu Natoy,

Natumaini mmefika salama na kwamba Mama amekupa chumba kisichovuja. Usimpe mbuzi kisogo. Mimi nimefikia kwako, na Abundio ameniletea mapera ambayo anasema ni yenu kwa haki na yake kwa ukuta.

Walikubali tarehe 2. Tarehe mosi jioni nilimpigia Paeng kutoka manispaa, nikasema maneno yako yale yale, na simu ikanyamaza muda mrefu hata Flor akaingia kuuliza kama tumemaliza. Kesho yake wakapiga wao.

Mimi ni wa Almirante. Jana asubuhi nilikwenda kwa Bwana Limjuco kusaini. Nikasaini. Nikiwa bado nimeshika kalamu nikauliza, "Mmewapa nani?" Akasema, "Mkwe wa Don alishikilia Lagrimas. Hakutaka mwingine."

Pekto, Mjomba. Wamemrudisha Kampana ili mimi nipite.

Nikauliza, "Anajua?" Akasema, "Atasikia. Tunatangaza saa kumi." Ilikuwa saa nne. Ningeweza kuuliza kabla ya kusaini. Nilikuwa na masharti mangapi kwenye barua yangu, na hilo halikunijia hata mara moja. Nilidhani nimejifunza kila kitu, nikasahau kwamba kila anayepita mlangoni kuna anayetolewa kumpisha. Sasa najua siku ile ya Aprili ulikaa kwenye kiti cha namna gani, na sitakuuliza tena.

Nikaenda Malabon, kwake. Alikuwa amefunga taulo kiunoni, anamwogesha mtoto kwenye beseni. Mtoto wa kike, jina lake Amparo, ana meno mawili. Pekto akasema, "Wee Islaw! Umepotea wapi, tumbo limepona?" Nikamwambia pale pale mlangoni, kabla sijakaa. Nilimwambia yote, hata saini.

Akaendelea kumwogesha mtoto. Mkewe akasimama na chupa ya maziwa mkononi. Kisha Pekto akauliza, "Nani mwingine anajua?"

"Hakuna. Wanatangaza saa kumi."

"Kwa hiyo safari hii nimejua kabla ya muuza sigara."

"Ndiyo."

Akamkausha mtoto, akaniletea sahani ya wali na samaki, akakaa mbele yangu. Nilingoja anitukane. Badala yake akasema, "Wewe ulikaa miezi minne, wakakupa ulichotaka. Mimi wamenisukuma mara mbili kwa mwaka na sikufungua mdomo. Hebu niambie, uliwafanyaje?" Nikaanza kumweleza, akanikatiza kila hatua. Na kama wangekataa? Na kwa nini timu tatu? Na karatasi ya sabuni nani aliiona? Akaenda kuleta mkataba wake, ulikuwa chini ya godoro la mtoto. Kuna ukurasa wa mwisho ambao hatukuuelewa wote wawili, unaosema akibadilishwa mara mbili ndani ya miezi kumi na miwili kuna jambo ana haki ya kulidai, lakini umeandikwa kwa lugha ya mawakili.

Nikamwambia nina mjomba ambaye kwa sasa hana kazi na ambaye ameandika kurasa kama hizo miaka kumi na tisa. Pekto ana siku kumi kabla ya kuripoti Kampana. Anapanda meli ya Alhamisi na mkewe na mtoto. Barua hii naituma kwa ndege ili imtangulie. Sikumwambia utampokeaje, maana sijui.

Islaw


Hinigaran
18 Oktoba 1988

Mpwa wangu Islaw,

Hapa tu wazima, tumejaa. Chelo amenipa chumba kisichovuja na mto wa kulalia mgumu kama jiwe. Miwa inapita barabarani usiku na mchana, na mama yako ameanza tena samaki wa chumvi kwa siri ambayo mji mzima unaijua.

Pekto alifika Ijumaa mchana, miguu ina matope, mtoto begani. Sikuwa nimelala usingizi wa maana tangu barua yako. Nilimkaribisha, nikamkalisha, na kabla hajafungua bahasha yake nikamwambia nilichopaswa kumwambia Aprili. Nilisema, "Bwana Lagrimas, walimtaka mpwa wangu, nikakutoa wewe. Sikuuliza habari ya mkeo. Ukitaka kurudi na meli ya kesho, nauli nitatoa mimi."

Alimshusha mtoto begani. Akampa Chelo mtoto amshike.

"Najua," akasema. "Ndiyo maana nimekuja kwako. Safari hii nataka uwe upande wangu."

Akafungua bahasha. Tumeanza na ukurasa wa mwisho.

Mjomba wako,
Natoy